Ukurasa wa Mhehe

Shule ya Msingi Luwasi,
Usangu, Mbeya.
9 Februari 1975

Dada yangu Verediana,

Kamwene. Mimi huku ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo mbu wameyagawana kama mashamba ya kijiji. Magoti yako yanasemaje? Na wasafiri wa hapo Ilula, bado wanabonyezabonyeza nyanya zako na kupanda basi bila kununua? Shemeji Filemoni nimemkumbuka, na pombe yake ya ulanzi nimeikumbuka zaidi.

Huku ni tambarare, dada. Mtu wa milima nikitoka nje asubuhi naona aibu, maana hakuna pa kujificha. Kuna joto, kuna mpunga, kuna ng'ombe wa Wasukuma waliohamia, na kuna samaki anaitwa kambale ambaye wakimkausha, harufu yake inafika shuleni kabla ya wanafunzi.

Nimepewa historia, Darasa la Tano, watoto arobaini na watatu. Unajua nilivyofurahi. Miaka ishirini na miwili ya ualimu, na sasa nafundisha vita vya Lugalo kwa watoto ambao hata kilima hawajakizoea. Nikajiambia, Timotheo, wewe umekulia jirani na pale, babu yako alikuwepo na mkuki wake, nani atalifundisha somo hili kama wewe? Nikavimba kama chura.

Sikutaka kusoma kitabuni tu. Nikawatoa uwanjani tuigize. Nikachora mstari kwa fimbo, nikasema, "Upande huu Wahehe, upande ule Wajerumani. Kila mtu achague." Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwabembeleza wale watakaolazimika kuwa Wajerumani.

Dada, darasa lote lilikwenda kwa Wajerumani. Walikwenda kwa haraka, wakisukumana, kama wanaogopa nafasi zitajaa. Nikabaki peke yangu na fimbo, Mhehe mmoja mwenye upara mbele ya jeshi la Kaisari lisilo na viatu. Mwishowe msichana mmoja wa Kisukuma, Limbu binti Nkuba, akavuka mstari polepole, akasimama nami. "Mwalimu," akasema, "mimi nitakuwa Mhehe. Nakuonea huruma."

Nikauliza kulikoni. Akajibu Lea, mtoto mwembamba anayekaa dawati la mbele. "Bibi anasema Wahehe ndio waliotufukuza hapa kwetu Usangu. Watu wakakaa ugenini mpaka wengine wakazaliwa huko. Walirudi wakati wa Mjerumani. Sasa, mwalimu, tukiwa Wahehe si tutajifukuza wenyewe?"

Nikapiga kengele dakika ishirini kabla ya wakati. Mwalimu Mkuu, Mzee Lutengano, akaja kuniuliza kama saa yangu imeharibika. Nikamwambia si saa.

Wewe uliyekaa na wazee kuliko mimi, uliwahi kusikia habari hizi?

Mdogo wako,
Timotheo


Ilula,
27 Februari 1975

Mdogo wangu Timo,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wote tunaamka na tunalala, tushukuru. Magoti ni yale yale. Filemoni anakusalimu, anasema ulanzi unakusubiri lakini yeye hana uvumilivu kama ulanzi. Mkeo Benedicta alipita juzi akitoka Mlandege, anauliza kama chandarua alichokufungia umekitoa sandukuni au bado unawalisha mbu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Umetoka kwetu na cheti cha ualimu ukaenda kunyamazishwa na mtoto wa Darasa la Tano. Wasangu wana maneno tangu zamani. Babu alipigana Lugalo. Kovu la risasi begani mwake nililiosha kwa mikono yangu hii alipokuwa hawezi kuinua mkono. Wewe wakati huo ulikuwa unachunga mbuzi na kuwapoteza. Kilichomo kitabuni kifundishe kama kilivyo. Walioandika wamesoma kuliko wewe, na mshahara unakula kwa kitabu hicho hicho.

Jambo jingine. Huyo kambale mkavu unayemcheka, nitumie mmoja. Mpe kondakta wa basi amshushe hapa barabarani. Usiulize wa nini.

Dada yako,
Verediana


Luwasi,
23 Machi 1975

Dada yangu mpendwa,

Kamwene tena. Chandarua nimekitoa. Kina tundu moja, na mbu wote wa Usangu wanalijua. Zaidi ya hapo sina ugonjwa. Natumaini magoti yamepata nafuu, maana mvua za huko najua zinavyoyachokoza.

Kambale anakuja na basi, kwa mkono wa kondakta Isakwisa. Amekataa kumweka ndani. Amemfunga juu ya paa, akasema abiria wake ni Wakristo na anataka wabaki hivyo. Sikuulizi wa nini, ingawa tangu juzi sifikirii jambo jingine.

Sasa kuhusu kitabu. Nimekitii, dada, nimekisoma neno kwa neno. Shida ni kwamba kinasema tulivyomshinda Mjerumani, na ni kweli. Hakisemi tulikuwa tumemshinda nani kabla yake. Na hao tuliowashinda kabla yake ndio wanakaa mbele yangu kila Jumanne na Alhamisi wakinitazama.

Nikafanya hivi. Nilinunua kaunta buku moja kubwa, lenye jalada gumu. Kila mtoto akapewa swali moja aende nalo kwa mtu mzee kuliko wote nyumbani kwao: "Sisi tumefikaje hapa?" Akirudi anaandika ukurasa mmoja, na chini anaandika jina la aliyemsimulia. Kisha anausoma mbele ya darasa, na wenzake wanamwuliza maswali. Mimi nakaa nyuma, kwenye dawati, magoti yamegusa kidevu.

Sijawahi kuona watoto wakigombania kusoma. Limbu ametuambia baba yake hahesabu miaka, anahesabu mito. Walivuka mito minane kutoka kwao Usukumani, wa tano ulimchukua ndama, na yule ndama walimkuta ng'ambo akiwasubiri anakula majani. Darasa lilipiga makofi kwa ajili ya ndama.

Ukurasa wa Lea bibi yake alikuja mwenyewe kuuhakiki. Kikongwe mfupi, mkavu, ana fimbo na hana haja nayo. Aliposikia mwalimu ni Mhehe hakunipa mkono. Alinivua kofia, akaivaa. "Mtani wangu," akasema, "hii ni ya ng'ombe wa kwanza. Wengine nitawadai taratibu."

Unajua mambo ya utani, dada. Vita vikiisha, wajukuu wanabaki watani: anaweza kuchukua kitu chako mbele ya watu, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Nami nikamjibu kwamba wangekimbia mapema wasingekamatwa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Akawaambia watoto kwamba Wahehe hawakuchukua ng'ombe tu. Walichukua na wasichana. "Wengine," akasema, "walikuwa bado na meno ya maziwa."

Alipoondoka, na kofia yangu, Lea akanyoosha kidole. "Mwalimu, na ukurasa wako uko wapi?" Kumbe wameacha ukurasa wa kwanza mtupu kwa ajili yangu. Nikasema mimi ni mwalimu. Wakasema hata mwalimu amefika hapa kutoka mahali.

Basi na mimi niende kwa mtu mzee kuliko wote nyumbani kwetu, ambaye, samahani, sasa ni wewe. Babu aliwahi kuja huku na mkuki wake? Alirudi na nini?

Mdogo wako,
Timotheo


Ilula,
13 Aprili 1975

Timotheo,

Samaki amefika. Nimemtumia nilivyotaka.

Swali lako sitalijibu. Kuna mambo yalifunikwa na watu waliokuwa na sababu zao, na hawakukuachia wewe uyafunue. Siku utakayoandika kwamba babu aliteka watu, usiandike tena "dada yangu" juu ya barua.

Verediana


Luwasi,
11 Mei 1975

Dada yangu,

Nimeandika hivyo juu kwa sababu lile jingine sijaliandika. Kamwene. Hujambo? Najua hutanijibu kama hujambo, basi nitajijibia: hujambo, umekaa barabarani na sinia lako, umekunja uso, na wateja wanadhani ni kwa sababu ya jua.

Nina habari, na si nzuri. Mkaguzi amekuja. Anaitwa Bwana Silvester, Mbena, mtu nadhifu, viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata baada ya kutembea kwenye tope letu, sijui anafanyaje. Akaniomba daftari la maandalio. Lea, kwa ukarimu wake, akampelekea kaunta buku.

Alisoma kurasa tisa amesimama. Kisha akaniita chini ya paa la ghala, mbali na watoto.

"Mwalimu Kalinga, hapa mtoto ameandika kwamba Mjerumani aliwarudisha kwao. Unawafundisha kumshukuru mkoloni?"

Nikasema, "Hapana, Bwana Mkaguzi. Nawafundisha kuuliza ni nani aliyemfungulia mkoloni mlango, na kwa nini."

"Na Mhehe kafanya hivi, Msangu kafanya vile. Huu ni ukabila."

"Ningekuwa mkabila," nikasema, "ningewapiga viboko mpaka wote wakubali kuwa Wahehe."

Hakucheka. Ameagiza kwamba Ijumaa ya tarehe thelathini atarudi kukichukua kitabu, na siku hiyo nimkabidhi na barua ya kuomba radhi. Mzee Lutengano alinifuata jioni, masikini, mtu mwema, ana watoto saba. "Ndugu Kalinga, karatasi ni karatasi. Kazi ni kazi. Mpe akaichome, sisi tuendelee na mchicha wa shule."

Dada, unanijua. Mimi si jasiri. Nilipokuwa naongea na mkaguzi niliificha mikono mfukoni, na mfuko mmoja umetoboka, nikajikuta nimeshika paja. Miaka ishirini na miwili nimetii kengele, nimetii muhtasari, nimetii hata wewe. Lakini nimewaambia watoto hawa waende wakaulize, wakaenda, wakaniletea. Siwezi kuwapokonya nilichowatuma. Barua ya kuomba radhi sitaiandika. Kitabu sitakitoa kwa mkono wangu.

Na kwako pia nakataa, kwa heshima. Sitaandika kwamba babu aliteka watu, maana sijui. Sitaandika kwamba hakuteka, maana pia sijui. Alhamisi mbele ya darasa nimeujaza ukurasa wa kwanza mstari mmoja tu: "Mimi Timotheo Kalinga, Mhehe wa Iringa, nimeuliza nyumbani na bado nasubiri."

Lea amesema si ukurasa huo, ni mstari. Nimemwambia ni kweli.

Mdogo wako, upende usipende,
Timotheo


Luwasi,
1 Juni 1975

Dada yangu,

Bado niko hai, kama hilo ndilo swali lako la kwanza. La pili, ndiyo, bado naandika "dada yangu." Wiki tatu nimekwenda stendi kumtazama Isakwisa, naye kila mara anatikisa kichwa kabla basi halijasimama, ili nisijisumbue kuvuka barabara.

Mkaguzi alikuja juzi Ijumaa kama alivyosema. Akaingia darasani, watoto wakasimama, wakamsalimu. Kaunta buku lilikuwa juu ya meza yangu. Akasema, "Mwalimu, nikabidhi." Nikasema, "Liko pale, Bwana Mkaguzi. Mimi mkono wangu haulitoi." Akaniuliza kama najua maana ya neno utovu wa nidhamu. Nikasema nimelisahihisha mara nyingi kwenye madaftari.

Akaenda mezani. Na hapo mlango ukafunguka, akaingia bibi yake Lea, na kofia yangu kichwani. Hakubisha hodi. Alipita mbele ya mkaguzi kama anapita mbele ya mbuzi, akalichukua kaunta buku, akaliweka kwenye kiti changu, akalikalia.

"Mama," mkaguzi akasema, "hiyo ni mali ya serikali."

"Kanunua nani?"

"Mwalimu Kalinga."

"Mwalimu Kalinga ni Mhehe. Mhehe ni mtani wangu. Mali yake nimeiteka. Walipoteka zetu hawakuomba kibali ofisini."

"Mama, nakuomba usimame. Hili si jambo la utani."

"Wewe ni nani kwenu?"

"Mimi ni Mbena."

"Aa. Nyinyi tuliwateka sisi. Kaa chini, baba, usije ukatekwa mara ya pili."

Darasa likapasuka. Mzee Lutengano aligeukia ubao akaanza kuufuta, na ulikuwa hauna kitu. Mkaguzi alisimama, shingo imevimba. Mara nikaona mdomo unamcheza pembeni. Dada, na yeye ni mtoto wa watu. Anajua kwamba kumvuta mtani juu ya alichoteka ni fedheha ambayo angesimuliwa nayo mpaka kwao Njombe. Akakaa. Kwenye dawati, pembeni ya Limbu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyumbani mama yangu naye alikuwa akisimulia hivyo."

Limbu akamwuliza, "Sasa ukurasa wako utauandika lini?"

Usidhani amenisamehe. Mtu ni mtu, na ripoti ni ripoti. Jana barua imefika: kuanzia tarehe mosi Julai nahamia Chunya, nikafundishe hesabu. Hesabu, dada. Wewe shahidi wangu, nilishindwa hata kuhesabu mbuzi. Nadhani nimeadhibiwa mimi, lakini watakaoumia ni watoto wa Chunya.

Nitakwenda. Historia ya Luwasi haiendi popote, imekaliwa. Nilipomfuata bibi yake Lea nyumbani kumwomba kitabu nimalizie ukurasa wangu kabla sijaondoka, alikataa. Amenitajia fidia. "Mlichukua wasichana wetu," akasema. "Nirudishieni mmoja tu, nami nitakurudishia kitabu." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini njiani sikucheka.

Sikuombi tena unijibu. Nilitaka tu ujue kwamba ukurasa bado una mstari mmoja.

Mdogo wako,
Timotheo


Ilula,
15 Juni 1975

Mdogo wangu Timo,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mzima. Magoti yanauma, lakini safari hii nitayatumia.

Unamkumbuka bibi, mke wa babu, aliyekuwa akikufichia viazi vya kuchoma kwenye majivu. Ulikuwa na miaka minane alipofariki. Wewe ulijua viazi tu. Kila mwaka mvua zilipoanza alikaa mlangoni akatazama kunakozama jua, akasema, "Sasa huko maji yamejaa, kambale wanapanda." Sisi tulicheka. Wapi Ilula na kambale. Tulidhani ni uzee.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, namsuka, aliponiambia. Alitoka huko huko uliko. Alibebwa begani na baba yake babu, njia yote, na meno ya maziwa yalikuwa yamebaki mawili. Moja liling'oka njiani, akalitupa mtoni kwa sababu hapakuwa na paa la kulirushia. Hawakumpiga. Alilelewa kama mtoto wa nyumba, akakua, akaolewa na babu. Babu alimpenda, hilo nililiona kwa macho. Lakini mpaka anakufa, Timo, hakuna hata mtu mmoja nyumbani kwetu aliyewahi kumwuliza, "Wewe umefikaje hapa?"

Aliniapisha nisiseme, watoto wake wasije wakaitwa watoto wa mateka. Nimekishika kiapo miaka arobaini. Kambale uliyenitumia nilimpeleka kaburini kwake. Nadhani mbwa walimla. Lakini harufu ilimfikia kwanza.

Nilikukasirikia kwa sababu niliogopa. Kisha nimesoma barua yako kwamba kikongwe wa Kisangu amekikalia kitabu kisichukuliwe. Nikajiona na mimi nimekikalia kitabu, ila mimi nimekikalia kisisomwe. Aliyeniapisha amelala, na watoto wake wote wamelala. Waliobaki wa kuitwa watoto wa mateka ni mimi na wewe. Mimi nimekubali. Wewe na upara wako huna cha kuharibika zaidi.

Na Lugalo usiifute. Babu alipigana, na risasi aliipata, kovu lake nililiosha mimi. Yote mawili ni babu. Andika yote.

Nakuja. Alhamisi ya tarehe ishirini na sita nitashuka na basi la Isakwisa. Benedicta anakuja nami, anasema anataka kumwona huyo mwanamke aliyevaa kofia yako. Nina sinia la nyanya za darasa zima. Usinitafutie kiti cha mgeni. Nitakaa dawatini na watoto, na nikimaliza nitajibu maswali yao. Bwana Mkaguzi akiwa na neno, na aje aniulize mimi. Mimi si mtumishi, nauza nyanya barabarani. Atanihamishia wapi?

Mwambie bibi yake Lea kwamba Wahehe wamepata barua yake ya fidia. Wanamrudisha mmoja. Amechelewa kidogo, ametumika sana, na magoti hayafai, lakini ndiye aliyebaki. Asimame sasa, akiachie hicho kitabu.

Na wewe ukishakipata, usiandike kitu mpaka nifike. Chini ya mstari wako acha mstari mmoja mtupu. Jina alilozaliwa nalo bibi yetu alinitajia mara moja tu. Sitalituma kwa posta. Nitalitaja mwenyewe, hapo hapo lilipotoka.

Dada yako,
Verediana